Mpishi Aliyenenepa kwa Njaa

Jael Navalayo alikuwa mwembamba hivi kwamba wasichana wa shule walimwita Ufito, naye hakuwa na neno. Kwao Malinya wanawake wote wa ukoo wao walikuwa hivyo: mifupa mirefu, shingo ndefu, na nguvu ambazo usingezidhania kwa kuwatazama. Mwaka wa 1993 alikuwa na miaka thelathini na miwili, mpishi katika shule ya bweni ya wasichana iliyokuwa kwenye barabara ya kutoka mjini Kakamega kwenda Navakholo, shule ambayo jina lake halina haja hapa. Aliinua masufuria ambayo wanaume wawili walisaidiana kuyainua. Alisonga ugali wa wasichana mia tatu kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na akimaliza alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akala kipande chake na mboga, akashiba, akanyamaza. Chakula kwake hakikuwa jambo la kufikiriwa. Kilikuwa kazi.

Mumewe, Lazarus Osiako, alikuwa mkata miwa. Watoto wao watatu, wa kwanza Mitchel, waliishi Navakholo kwa mama yake Lazarus. Jael alikaa katika chumba cha wafanyakazi nyuma ya jiko la shule, na kila mwisho wa mwezi alirudi nyumbani na mfuko wa sukari na maandazi.

Mwezi wa Juni mwaka huo zililetwa kuni mbichi zenye mafundo. Mpasuaji kuni hakuwa amefika, na maharagwe yalikuwa yanasubiri. Jael akashika shoka mwenyewe. Gogo la tatu lilikuwa na fundo. Shoka likateleza, likamwingia kwenye muundi mpaka mfupani.

Kidonda kilishonwa, kikafunga, kila mtu akasema Mungu ni mwema. Miezi miwili baadaye mguu ukavimba, ngozi ikapasuka mahali palepale na usaha ukatoka. Hospitalini walimwambia mfupa unaoza kwa ndani. Wakaukwangua, wakampa vidonge vya rangi mbili, nyekundu na nyeusi, ameze vinne kwa siku.

"Mpaka lini, daktari?" aliuliza.

"Mpaka mimi nitakapokwambia basi. Ukiviacha wiki moja tu, mguu huu tutaukata."

Alivimeza kwa miezi kumi na minne. Mwanzoni tumbo lilimwendesha kama mto Isiukhu ukifurika, mpaka akawa anakimbia chooni ameacha mwiko ndani ya sufuria. Baadaye likatulia, lakini halikuwa tena lile tumbo alilolijua. Lilijaa upepo, likanguruma wakati halina kitu, na kinyesi chake kikabadilika hata harufu. Haya si mambo ambayo mwanamke humwambia mtu. Alimwambia dada yake Awinja tu, na wakacheka.

Mguu ukapona. Mwisho wa mwaka wa 1994 alisimama kanisani akatoa ushuhuda, akapandisha sketi kidogo waumini waone kovu.

Hapo ndipo mwili ulipoanza kunenepa.

Mara ya kwanza ilikuwa gauni la Krismasi: zipu ilikataa kupanda. Watu walimsifu. "Mama Mitchel, umenawiri," walimwambia sokoni, na Lazarus akatembea naye kijijini akiwa ameinua kichwa, kwa kuwa mke aliyenona ni sifa ya mume. Jael naye alifurahi. Alidhani ni afya inarudi baada ya kuugua.

Kufikia Pasaka mikono yake ilikuwa imejaa mpaka kwenye viwiko. Kufikia Agosti alishindwa kuvuta mkanda wa kiatu bila kushika pumzi. Waendesha baiskeli wa boda boda, ambao zamani waligombania kumbeba, sasa walitazama magurudumu yao wakimwona anakuja, na mmoja akamwambia bila aibu, "Mama, hii tairi ni ya juzi."

Akaanza kupunguza chakula. Aliacha uji wa asubuhi. Aliacha sukari kwenye chai. Kisha akaacha ugali wa jioni, akabaki na mlo mmoja wa mchana, tonge chache na sukumawiki. Sasa kwa mara ya kwanza maishani mwake aliijua njaa, njaa ya kweli, akiwa amesimama juu ya masufuria matatu ya chakula cha watu wengine. Alilala na njaa, akaamka nayo, na gauni likaendelea kumbana.

Hakumweleza mtu, maana angeeleza vipi? Mwenye njaa hujulikana kwa mbavu zake. Yeye mbavu zake zilikuwa zimefunikwa.

Mwaka wa 1996 wasichana walianza kunung'unika kuhusu nyama ya Jumamosi. Ilikuwa ikipungua. Mwanzoni kila mmoja alipata vipande vitatu, kisha viwili, kisha mchuzi wenye kipande kimoja cha kubahatisha. Jael aliona upungufu huo kabla yao, kwa sababu nyama ilimfikia jikoni ikiwa tayari ni kidogo. Alimwambia George, mtunza stoo.

"George, hii nyama haitoshi."

"Imepimwa, Mama Mitchel. Mimi napimanga mwenyewe."

Jael akarudi kwenye masufuria yake. Lakini wasichana hawakuwa wakimwona George. Walimwona Jael, dirishani, kila siku, amejaa dirisha. Hakuna tena aliyemwita Ufito. Walimwita Stoo.

Lisemwalo lipo, watu wakasema. Maneno kwamba mpishi anakula nyama yakatoka bwenini, yakaingia kwenye chumba cha walimu, na asubuhi moja mwalimu mkuu, Madamu Dinah, akamwita. Jael alimkuta stooni, yuko na George na wafanyakazi wengine wanne waliokuja kuchukua majembe.

"Jael," Madamu alisema, si kwa ukali, "mimi nilikuajiri nikikuona. Ulikuwa mtu wa namna gani?"

"Mwembamba, Madamu."

"Na sasa?"

Jael akajitazama.

"Panda hapo."

Hapo palikuwa ni kwenye mizani ya chuma ya kupimia magunia ya mahindi. Jael alidhani amesikia vibaya. Akatazama wenzake, mpasuaji kuni aliinamisha kichwa, mfyekaji nyasi akatabasamu bila kukusudia. Akavua viatu kana kwamba anaingia mahali patakatifu, akapanda. George akasogeza kijiwe cha mizani taratibu, kama apimavyo gunia.

"Tisini na mbili," akasema.

"Sikulangi, Madamu," Jael alisema akiwa bado juu ya mizani. "Nakulanga mara moja kwa siku. Uliza yeyote."

"Mwili hautoki hewani, Jael. Mimi nimesomea sayansi. Kinachoingia ndicho kinachoonekana." Madamu alifunga daftari lake. "Nakupa mwezi mmoja. Ukipungua, nitajua umeacha. Usipopungua, nitajua pia."

Jumapili hiyo Jael alienda Malinya kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Awinja alikuwa kwenye kijito, miguu ndani ya maji, akiosha mchanga kwenye karai akitafuta chembe za dhahabu kama alivyofanya tangu mumewe afariki. Aliposikia habari ya mizani alisimama, na mchanga wote ukamwagika.

"Wamekupima kama gunia?"

"Kama gunia."

Awinja alikuwa bado mwembamba, yuleyule, ile mifupa ya ukoo wao. Akaliokota karai, akasema, "Nitakuja kukaa na wewe. Mwezi mzima. Tutakula sahani moja, tutalala kitanda kimoja, chooni nitakusindikiza. Kama unakula kwa siri, mimi nitajua. Kama hauli, basi kutakuwa na mtu wa kusema."

Na kweli akaja. Aliacha karai lake kwa shemeji yake, akaomba ruhusa kwa Madamu Dinah, akakubaliwa kuosha masufuria bila malipo. Siku ya kwanza walipimwa wote wawili stooni: Jael tisini na mbili, Awinja hamsini na tatu. Kuanzia hapo walikula mchana tu, kutoka sahani moja, tonge kwa tonge. Awinja alihesabu. Mara nyingine Jael alisukuma sahani kabla haijaisha, na Awinja akamalizia.

Wiki ya pili Awinja alianza kuona kizunguzungu akiinama. "Dada," alisema wakiwa wamelala, "hivi ndivyo umekuwa ukiishi?"

"Mwaka na nusu."

Awinja alisogea karibu. Alimshika mkono tu, na Jael akahisi dada yake analia, na huo ulikuwa usiku pekee katika miaka ile ambao alilala bila kujiona mwongo.

Shule ilikuwa na banda la kuku wa nyama, wa darasa la kilimo. Afisa wa mifugo aliyekuwa akija kuwaangalia aliitwa Andati, mzee mpole mwenye gambuti nyeupe. Siku moja ya wiki ya tatu Jael alipeleka maganda ya viazi bandani akamkuta anachanganya unga wa manjano kwenye chakula cha kuku.

"Ni wagonjwa?" Jael aliuliza.

"Hapana, mama. Hii ni ya kunenepesha."

"Ni vitamini?"

"Ni dawa ya kuua vijidudu. Jamaa yake ni zile kapsuli za rangi mbili wanapeananga hospitali. Lakini hapa tunaweka kidogo kidogo, kila siku." Andati alipenda kueleza; walimu hawakumpa nafasi. "Kuku tumboni mwake ana vijidudu vingi kuliko watu wa dunia nzima. Vingine vinamsaidia kusaga chakula, vingine vinamla. Ukiweka hii dawa, baadhi vinakufa, vingine vinabaki. Sasa hao waliobaki wanafanya nini, sijui. Lakini kuku anakula kilekile cha mwenzake, na ananenepa kumshinda."

Jael aliweka ndoo chini.

"Anakula kilekile?"

"Kilekile. Hiyo Wazungu walijua mimi nikiwa bado mtoto."

"Na mtu? Mtu akimeza hiyo dawa, tuseme mwaka mzima na zaidi?"

Andati akamtazama, kwa mara ya kwanza akamtazama hasa, kuanzia usoni mpaka kwenye kovu la muundi. Uso wake ukabadilika.

"Mama, mimi ni wa kuku," akasema polepole. "Kwa mtu sijasikia aliyepima. Inaweza kuwa. Inaweza isiwe. Nisikudanganye."

"Mkiacha kuwapa, huwa wanapungua?"

"Hilo pia sijui. Wiki ya nane tunawachinja."

Jael alirudi jikoni, ndoo akaisahau bandani. Hakukuwa na furaha kubwa ndani yake, lakini kulikuwa na kitu alichokuwa amekisahau: uwezekano kwamba kosa si lake. Labda walikuwemo ndani yake viumbe wadogo waliokuwa wakimsaidia tangu utotoni, wakafa wote kwa ajili ya mguu mmoja, na waliobaki wakawa wanakamua kila tonge mpaka tone la mwisho. Usiku alimweleza Awinja, na asubuhi wakaomba ruhusa, wakaenda hospitali.

Daktari aliyemtibu mguu alikuwa amehamishwa. Aliyekuwepo alikuwa kijana, na foleni ilikuwa imefika mpaka nje ya lango. Alisikiliza akiandika.

"Kuku," alirudia.

"Ndiyo, daktari. Wanapewa dawa, vijidudu vya tumbo vinabadilika—"

"Habari hiyo ya kuku ni kweli," daktari alisema, akaacha kuandika, na kwa muda mfupi sana Jael aliona kwamba kijana yule anafikiri, anafikiri kwa dhati, macho yake yakiwa dirishani. "Ni kweli. Lakini kwa binadamu, mama, siwezi kuandika kitu ambacho hakuna kitabu kinachokisema. Na bila zile dawa ungekuwa na mguu mmoja."

"Naelewa. Andika tu kwamba inawezekana. Nimpe mwalimu mkuu."

"Siwezi." Nyuma yao mtoto wa mtu alikuwa anakohoa mfululizo. Daktari akarudi kwenye karatasi. "Kula kidogo. Tembea sana. Mwingine."

Walitoka. Karatasi ilikuwa na maneno manne: apunguze wanga, apunguze mafuta. Jael aliikunja akaiweka kifuani, na njiani Awinja aliitaka, akaichana.

Mwezi ukaisha. Walipanda mizani mbele ya Madamu Dinah na wajumbe wawili wa bodi. Awinja alikuwa amepungua kilo tatu na nusu. Mashavu yake yalikuwa yameingia. Jael alikuwa tisini na mbili na robo.

"Mnaona?" Awinja alisema, na sauti yake ikapanda. "Tumekula sahani moja, mchana tu, siku thelathini. Nimelala naye. Sijamwacha hata chooni. Mimi nimekonda, yeye yuko vile vile. Sasa mwizi atakula nini, na wapi?"

Mjumbe mmoja, mzee wa kanisa, alitikisa kichwa kama mtu aliyeguswa. Jael alipoona hivyo akajikaza, akaeleza habari ya vidonge, ya tumbo, ya kuku wa Andati. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama alivyojizoeza. Lakini alipofika kwenye kuku, mjumbe wa pili alicheka. Hakucheka kwa ubaya. Kicheko kilimtoka tu, na mzee wa kanisa naye akaambukizwa, na Madamu Dinah akaziba mdomo kwa kalamu.

"Wewe ni dada yake," Madamu alimwambia Awinja baada ya kutulia. "Dada hutetea dada. Hata mimi ningefanya hivyo."

Jael aliondoka Ijumaa. Alipewa barua iliyosema anastaafishwa kwa sababu za afya, na hilo Madamu alilifanya kwa huruma, kwa sababu angeweza kuandika wizi. Awinja alimsindikiza mpaka njia panda kisha akarudi Malinya kwenye kijito chake.

Baadaye zilimfikia Jael habari kutoka kwa mpasuaji kuni kwamba nyama ya Jumamosi iliendelea kuwa pungufu. Ila mpishi mpya alikuwa mwembamba, na wasichana wakaamua kwamba ni hali ngumu ya maisha.

Navakholo hakukuwa na mizani, lakini kulikuwa na mama mkwe. Mahindi ya mwaka ule yalikuwa machache. Bibi huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelea wajukuu watatu kwa mikono yake, na alijua kuhesabu midomo na debe. Aliona mkwe anayesema ameshiba baada ya matonge matatu, na mwili ule, akafikia pale alipofikia kila mtu. Wiki ya pili ghala lilikuwa na kufuli. Ufunguo ukalala shingoni mwa bibi.

Lazarus aliporudi kutoka kwenye miwa Jael alimngoja aseme neno juu ya ile kufuli. Lazarus alinawa mikono, akala, akatazama mlango wa ghala, kisha akamtazama mkewe.

"Mama Mitchel," alisema kwa upole uliomuumiza kuliko kofi, "kama ni ugonjwa wa kushindwa kujizuia, niambie tu. Tutaombewa."

"Sikulangi, Baba Mitchel."

"Niambie tu."

"Ni dawa ya mguu. Iliua kitu tumboni."

Lazarus akashusha pumzi, akatoka nje. Hakurudia tena swali lile. Kuanzia hapo alimhurumia, kama mtu anavyomhurumia mlevi.

Jael akachukua kibarua cha kupalilia miwa. Alijiambia kwamba kama chakula kimeshindwa, jua litaweza. Alipalilia mistari mirefu tangu umande mpaka adhuhuri, tumboni hamna kitu ila maji, na mwezi wa Februari 1998, joto likiwa kali, akaanguka kifudifudi kati ya miwa. Waliomwinua walikuwa wanawake sita. Alikuwa na fahamu, akawasikia wakipeana zamu, akamsikia mmoja akisema, "Uzito wote huu, na kuzimia juu yake," na mwingine akacheka kidogo kwa kuchoka. Walimlaza kivulini, wakaenda kutafuta mkokoteni wa ng'ombe.

Hospitali ileile wakampima damu, wakamwambia hana damu ya kutosha, na kwamba mwili wake una dalili za mtu asiyepata lishe. Muuguzi aliyesoma majibu hayo aliyasoma mara mbili, akamtazama, akayasoma tena.

"Kuna mtu amechanganya chupa," akasema, akaitupa karatasi kwenye pipa, akaenda kuchukua sindano ili atoe damu nyingine.

Jael hakubishana naye. Alinyoosha mkono. Ungedhani ingekuwa furaha, hatimaye damu yake mwenyewe kumtolea ushahidi, lakini alikuwa amefika mahali ambapo ushahidi haukuwa na kazi. Aliiona karatasi ikielea juu ya pamba chafu, na hakuhisi chochote ila uchovu. Majibu ya mara ya pili hakuyangoja. Lazarus alikuwa na mkokoteni wa kuazima nje, na mwenye ng'ombe alitaka kurudi kabla ya mvua.

Awinja alikuja kumwona wiki iliyofuata. Alimkuta ameketi uani, nje kabisa, mahali ambapo njia ya majirani inapita, sahani ndogo ya obusuma, yaani ugali, magotini.

"Mbona unakulia njiani?"

"Hapa wananiona," Jael alisema. "Wakiniona hawasemi sana."

"Twende Malinya. Leo hii. Nyumba yangu haina kufuli."

Jael alifikiri juu yake. Awinja aliona anafikiri. Mitchel alikuwa anatwanga upande wa pili wa ua, msichana wa miaka kumi na minne sasa, mwembamba, mifupa mirefu. Alikuwa amewapa mgongo wote wawili.

"Huko nako kuna watu," Jael akasema mwishoni. "Na hawa watoto ni wangu."

Akamega tonge, akalishika mkononi muda mrefu. Mwanamke mmoja alipita njiani amebeba kuni, akasalimia, macho yakashuka moja kwa moja kwenye sahani. Jael akaitikia salamu, akangoja mama yule apite, kisha akalirudisha tonge sahanini.